Vigari vya Utotoni na Sisi Tuliokwisha Kukua

Shule aliyosoma binti wa Jack Odell huko London ilikuwa na sharti: mtoto asije na kitu cha kuchezea isipokuwa kinachoenea ndani ya boksi la kiberiti. Odell alikuwa fundi wa kumimina madini kwenye kalibu, mshirika katika kampuni ndogo iliyoitwa Lesney, iliyoanzishwa mwaka 1947 na marafiki wawili, Leslie Smith na Rodney Smith. Majina yao ya ukoo yalifanana tu, hawakuwa ndugu. Odell akamtengenezea bintiye rola la kushindilia barabara, la shaba, dogo la kuingia kwenye kiboksi hicho. Watoto wenzake wakalipenda, kila mmoja akataka lake. Mwaka 1953 vikaingia sokoni vigari vya Matchbox, kila kimoja ndani ya kiboksi chenye sura ya kiberiti, na jina hilo likaenea dunia nzima.

Katika habari hiyo napenda hasa jambo moja: kigari cha kwanza hakikutengenezwa kwa ajili ya duka. Ni baba aliyekaa na vyuma vyake akamfurahisha mwanawe. Sisi tuliokulia mbali na London tunalielewa hilo vizuri, maana vyetu karibu vyote vilitujia kwa njia hiyohiyo.

Sebuleni kwangu nina kabati la vioo. Nyumba nyingi kabati la namna hiyo huwekwa vyombo vya wageni. Mimi nimepanga vigari. Wageni huniuliza ni vya watoto gani, nikiwajibu ni vyangu hunyamaza kidogo, kisha wenyewe hujitafutia maelezo: aa, unakumbuka utoto. Ni kweli, lakini haitoshi. Vingi kati ya vigari hivi sikuwa navyo nilipokuwa mdogo, na vingine sikuwahi hata kuvishika. Mtu anakumbukaje kitu ambacho hakuwa nacho? Swali hilo nimekaa nalo muda mrefu.

Nilikulia kwenye shamba la mkonge upande wa Muheza, mkoani Tanga, mwanzoni mwa miaka ya 1980. Vita vya Kagera vilikuwa vimekwisha mwaka 1979 na nchi ilikuwa hoi. Sabuni ilipangiwa foleni, sukari ilipangiwa foleni, khanga ikifika dukani habari zake zinazunguka kambi nzima kabla mzigo haujashushwa. Kununua kitu cha mtoto kuchezea halikuwa wazo la mtu yeyote. Tulichezea kilichokuwepo, na kwenye shamba la mkonge kinachopatikana bure ni mlingoti. Mkonge ukizeeka hutoa mlingoti mrefu unaobeba maua, halafu mmea wenyewe unakufa. Mlingoti ukishakauka unakuwa mwepesi ajabu, na ndani ni laini, kisu butu kinaupita bila taabu. Tulichonga humo matrekta, mashua, bunduki, na kile kitreni kidogo cha shamba kilichobeba majani ya mkonge kupeleka kiwandani. Ubaya wake ni kwamba haudumu. Ukiloa mara kadhaa unaoza, na ukianguka vibaya unapasuka.

Waya ndiyo ilikuwa kazi ya wakubwa. Kaka yangu alitengeneza basi, na mpaka leo naweza kulieleza lilivyokaa. Chesisi ilikuwa fremu ndefu ya waya mnene, vipande alivyookota nje ya karakana ya matrekta. Ekseli ya nyuma ilikuwa waya mmoja ulionyooka, umepita kwenye vitundu viwili vilivyoviringishwa kwenye chesisi. Ya mbele ndiyo ilimpa shida. Aliikunja katikati ikapanda juu, akaipitisha kwenye pete ya waya ili iweze kuzunguka, kisha akaiunganisha na waya mrefu uliofika mpaka kifuani kwake akiwa amesimama. Mwisho wa waya huo akaukunja duara. Huo ndio usukani. Ukiuzungusha kulia, tairi za mbele zinakwenda kulia, na wewe unakimbia nyuma ya basi lako huku ukilingurumisha kwa mdomo. Tairi alizikata kwenye ndala zilizokatika kamba, akachora duara kwa kifuniko cha kopo la kiwi, akakata kwa wembe, akatoboa katikati kwa msumari uliopashwa moto. Ile harufu ya mpira ulioungua siisahau. Kila kiungo alikifunga kwa kipande chembamba cha tyubu ya baiskeli, akikivuta kwa meno mpaka kikaze.

Bodi lilikuwa la waya mwembamba, na juu aliweka keria ya mizigo pamoja na ngazi ya nyuma ya kupandia utingo, kwa sababu basi la Leyland lililopita barabara kuu kwenda Tanga mjini lilikuwa na keria na ngazi. Madirisha aliyahesabu barabarani. Alikaa kando ya barabara akisubiri basi lipite, akahesabu upande mmoja, akarudi nyumbani akarekebisha.

Nyumbani kwetu watoto tulikula sinia moja. Kitanda tulilala watatu. Shati lilianza kwa kaka, likaja kwangu, likaenda kwa mdogo wangu, na aliyelivaa leo hakuwa na haki ya kusema ni lake. Daftari lilikuwa na jina langu, lakini kurasa zilizobaki mwisho wa mwaka zilichanwa zikashonwa kuwa daftari la mwingine. Sisemi haya kulalamika. Hayo ndiyo malezi yaliyotufanya tuwe ndugu, na sitaki mtu ayaonee huruma. Ila katika nyumba ya namna hiyo gari ulilolitengeneza mwenyewe lilikuwa na hadhi ya peke yake. Hata baba hakuligusa bila kuuliza. Nakumbuka siku alipotaka kupita mlangoni, akamwita kaka: "Njoo uondoe basi lako." Angeweza kulisogeza kwa mguu. Hakufanya hivyo.

Hapo ndipo ninapoona jibu linaanzia. Tunapokuwa watu wazima tunavirudia vitu vya kuchezea kwa sababu ndivyo vilivyokuwa mali yetu ya kwanza. Kabla ya nguo, kabla ya fedha, kabla ya kitanda cha peke yako, kulikuwa na kitu kimoja ambacho dunia nzima ilikubali kuwa ni chako, na katika kitu hicho ulijifunza kuwa wewe ni mtu tofauti na wengine.

Daktari mmoja wa watoto wa Uingereza, Donald Winnicott, aliandika jambo linalokaribiana na hili katika makala yake maarufu iliyochapishwa mwaka huohuo wa 1953. Yeye aliangalia watoto wachanga na kile kiblanketi au kidubwasha wanachokikumbatia na kukinyonya pembe, wasichokubali kifuliwe. Kwake hicho ni kitu cha kwanza ambacho mtoto anakimiliki huku akijua, kwa mbali, kwamba si sehemu ya mwili wake na si mama yake. Kipo katikati. Winnicott aliwashauri wazazi wasimbishie mtoto juu ya kitu hicho, na nadhani alikuwa sahihi.

Mwaka 2008 wanasaikolojia wawili, Bruce Hood na Paul Bloom, walichapisha jaribio ambalo kila mkusanyaji angefaa alijue. Waliwaonyesha watoto wa miaka mitatu mpaka sita mashine, wakawaambia inaweza kutoa nakala kamili ya kitu chochote. Haikuwa mashine ya kweli, ila watoto waliamini. Kwa vitu vya kawaida watoto hawakuwa na shida, nakala walizikubali. Lakini wale waliokuwa na kile kitu chao cha kulala nacho kila usiku, wengi walitaka kilekile cha mwanzo warudishiwe, na baadhi walikataa hata kukiingiza kwenye mashine. Hawakuona tofauti yoyote kwa macho. Walijua tu kwamba nakala si chao. Nikifikiria basi la kaka naelewa kabisa. Ukiniletea leo basi la waya zuri kuliko lile, lenye madirisha yaleyale na ngazi ileile, nitalipokea kwa furaha, lakini sitasema limerudi.

Sasa, hivyo nisivyokuwa navyo?

Pale shambani kulikuwa na mganga wa zahanati, na mtoto wake alikuwa na Land Rover ya chuma. Ya kijani, ndogo, inakaa kwenye kiganja, na juu ya paa ina mizigo. Sasa najua ilikuwa Matchbox namba 12, Land Rover ya Safari, iliyoanza kutengenezwa mwaka 1965 ikiwa ya kijani na baadaye ikawa ya bluu. Wakati ule nilijua tu kwamba ni nzito kuliko inavyoonekana, maana nilimwona anavyoishika. Alituonyesha, akaisukuma mara moja juu ya saruji ya baraza, ikaenda mbali bila kelele, halafu akaiweka mfukoni. Hakuwa mchoyo. Alikuwa na kitu chake, na alifanya kama kaka alivyofanya na basi.

Kuna wakusanyaji wanaotafuta walichopoteza, na kuna sisi tunaotafuta tulichokiona kwa mwenzetu. Wa kwanza wanaheshimiwa zaidi, watu wanawaona wana kumbukumbu. Wa pili tunadhaniwa tuna tamaa. Mimi sikubaliani. Mtoto aliyesimama barazani akatazama Land Rover ikiingia mfuko wa mwenzake amejifunza somo lilelile la umiliki, ila amelisomea upande wa pili. Somo hilo halifutiki kwa kuwa umekua na sasa unalipa kodi ya nyumba.

Mfano wake mkubwa ni Marekani, Krismasi ya mwaka 1977. Filamu ya Star Wars ilitoka mwezi Mei mwaka huo na kampuni ya Kenner, iliyokuwa na haki ya kutengeneza vikaragosi vyake, haikuweza kuvikamilisha kwa wakati. Wakauza boksi lenye cheti ndani yake: mzazi anunue, cheti kitumwe kwa posta, vikaragosi vitakuja mwaka unaofuata. Na kweli vilikuja mwaka 1978. Watoto wa Krismasi ile leo ni wazee wa zaidi ya miaka hamsini, na miongoni mwao wako wakusanyaji wakubwa kabisa wa vikaragosi vile. Hata ile karatasi na boksi lake vinatafutwa. Sishangai. Mtu aliyesubiri kitu chake akiwa mdogo anakumbuka kusubiri kuliko anavyokumbuka kucheza.

Land Rover yangu niliipata soko la Karume, pale Ilala, Dar es Salaam, kwenye mitumba. Watu wanajua mitumba ni nguo na viatu, lakini yako mabelo ya midoli na vitu vya watoto, yanakuja hivyohivyo kutoka Ulaya na kwingineko. Belo likifunguliwa, madubu ya manyoya yanachukuliwa kwanza kwa sababu yanauzika haraka. Vitu vya chuma na plastiki vinabaki chini, vinamwagwa kwenye turubai kwa mafungu. Hapo ndipo ninapochutama. Muuzaji, kijana mdogo, aliniuliza namchukulia mtoto wa umri gani nikamwambia nachukua vyangu. "Basi chambua, bosi," akasema. "Kimoja buku, ukibeba fungu zima tunaongea."

Kigari cha zamani hukijui kwa kutazama juu. Rangi inadanganya, wako wanaopaka upya. Unakigeuza tumbo. Vile vya zamani vina bamba la chuma chini lililofungwa kwa ribiti, na maandishi yaliyoinuka unayoweza kuyasoma kwa kidole hata jua likiwa limezama: jina la Lesney, nchi ya Uingereza, na namba. Vilivyokuja baadaye vimeandikwa Macau, Thailand, China. Halafu unatazama tairi. Mpaka mwishoni mwa miaka ya 1960 Matchbox ilikuwa na tairi za kawaida na ekseli nene. Mwaka 1968 Mattel ya Marekani ikaleta Hot Wheels, vigari vyenye ekseli nyembamba vinavyokimbia kupita kiasi, na watoto wakavihamia. Lesney ikalazimika kujibu mwaka 1969 kwa tairi zake za Superfast. Kwa hiyo tairi tu zinakwambia kigari kimezaliwa kabla au baada ya ushindani ule. Ushindani haukuwaua mara moja, lakini Lesney ilifilisika mwaka 1982, jina la Matchbox likauzwa, likapita mikononi mwa wengine, na mwaka 1997 likaangukia kwa Mattel wenyewe.

Niliyoikuta kwenye fungu lile ni ya bluu, si ya kijani. Rangi imebanduka kwenye kona za boneti na mizigo ya paani haipo. Tairi moja ya nyuma ina alama za meno. Mtoto fulani wa huko aliitafuna. Nikaigeuza, nikasoma, nikalipa bila kuomba kupunguziwa. Ya kijani bado naitafuta.

Na nikiwa nayo mkononi njiani kurudi nyumbani nilianza kufikiria kitu ambacho mpaka leo kinanifurahisha. Land Rover hii ya Safari ilitengenezwa Hackney, mashariki mwa London, ili mtoto wa Kiingereza aisukume kwenye zulia akiwaza nyika na tembo. Yaani akiwaza huku kwetu. Wakati huohuo sisi huku tulikuwa tunakunja waya kutengeneza Leyland, basi la Kiingereza. Kila mmoja alikuwa anachezea gari la barabara ya mwenzake.

Uhusiano huo una mizizi ya kweli. Mwaka 1953, Malkia Elizabeth alipotawazwa, Lesney walitengeneza kigari kidogo cha farasi cha kifalme, wakauza zaidi ya milioni moja, na fedha hizo ndizo zilizowapa nguvu ya kuanzisha Matchbox. Kwa sherehe hiyohiyo, madereva wa huku waliandaa mashindano ya magari ya kuzunguka Kenya, Uganda na Tanganyika, wakayaita Coronation Safari. Mwaka 1960 yakapewa jina la East African Safari, ndiyo Safari Rally tunayoijua. Volkswagen ilipokuwa ikitamba kwenye mashindano hayo, kampuni nyingine ya Uingereza, Corgi, ikatoa katikati ya miaka ya 1960 Volkswagen ndogo nyekundu ya East African Safari, namba 256, na ndani ya boksi lake wakaweka na kifaru. Mtoto wa Uingereza alinunuliwa gari na kifaru. Wazee waliosimama kando ya barabara ya vumbi Nakuru au Korogwe kuwatazama akina Joginder Singh wakipita waliyaona magari yale kwa macho, na wengi wao hawajui kwamba yalikuwepo ya kushika mkononi.

Nikamsimulia dada yangu haya yote, umiliki na Winnicott na mashine ya nakala. Yeye anaishi Korogwe, ni mkubwa kwangu, na huwa hanikubalii jambo kwa sababu tu nimelisema vizuri.

"Mdogo wangu," akaniambia, "hiyo ni habari ya nyie wavulana. Mimi mwanasesere wangu ukiniletea leo nitamfanyia nini?"

Mwanasesere wake alikuwa gunzi la hindi, nywele ni zile ndevu za hindi, nguo ni mabaki ya khanga kutoka kwa fundi cherehani wa kambi. Ndevu zikikauka zinakatika, kwa hiyo kila msimu wa mahindi mabichi mwanasesere alizaliwa upya. Hakuna aliyemlilia wa zamani. Kilichodumu, kwa maelezo yake, ni wasichana wa mstari wetu wa nyumba waliokutana chini ya mwembe, kila mmoja na mtoto wake mgongoni, wakapikiana mchanga, wakaalikana harusi, wakaombana chumvi, wakasutana. "Mali yangu ilikuwa pale kwa wenzangu," akasema. "Nirudishie wale. Gunzi naweza kuliokota mwenyewe sokoni."

Nilikaa na maneno yake, na nikarudi kwenye yale niliyokuwa nimesoma. Constantine Sedikides na Tim Wildschut wa Chuo Kikuu cha Southampton wamefanya kazi ya miaka mingi juu ya hisia ya kuyatamani yaliyopita. Katika utafiti waliouchapisha pamoja na wenzao mwaka 2006 waliwaomba watu waandike kumbukumbu za namna hiyo. Karibu kila mara mwandishi mwenyewe ndiye alikuwa katikati ya kisa, lakini mara chache alikuwa peke yake: walikuwepo ndugu, marafiki, wapenzi. Tena hamu hiyo humjia mtu hasa akiwa mpweke au moyo wake umeinama, na ikishapita humwacha akijiona yuko karibu zaidi na watu. Kwa hiyo dada yangu na watafiti wa Southampton wako upande mmoja.

Sijaliacha jibu langu, ila limebadilika. Umiliki wa kwanza hauna maana bila mashahidi. Basi la kaka lilikuwa lake kwa sababu baba alimwita aliondoe, kwa sababu sisi wadogo tuliruhusiwa kulishika kwa zamu, kwa sababu njia nzima ya kambi ilijua ni la nani. Land Rover ya mtoto wa mganga ilikuwa yake kwa sababu sisi tulitazama. Tunaponunua kigari ukubwani tunakitafuta kile kitu, na pamoja nacho tunawatafuta waliokuwepo. Ndiyo maana mkusanyaji hawezi kunyamaza. Mpe nafasi tu, atakutolea vyote kabatini na kukuweka mkononi kimoja kimoja.

Kwa sababu hiyo sipendi biashara ya vilivyofungwa kwenye boksi visiguswe. Katika soko la wakusanyaji kadiri kitu kilivyochezewa kidogo ndivyo kinavyopanda bei, na kinachotajwa kuliko vyote katika Hot Wheels ni Volkswagen ya waridi ya mwaka 1969, ya majaribio, yenye mbao za kuteleza kwenye mawimbi zikitokezea dirisha la nyuma. Ilikuwa nyembamba mno kwa njia zao za kukimbizia, wakaibadilisha kabla haijafika madukani. Yaani thamani yake yote imetokana na kwamba hakuna mtoto aliyewahi kuuziwa. Naheshimu anayeifurahia. Kwangu kigari kisichojua kiganja cha mtoto hakijamaliza kutengenezwa, na zile alama za meno kwenye Land Rover yangu nisingeziuza. Kampuni nazo zimeshatutambua: Lego, wale wa matofali ya plastiki ya kujengea, tangu mwaka 2020 inauza maboksi yaliyoandikwa 18+, wazi kabisa kwamba ni ya watu wazima. Si jambo baya. Mtu akirudi nyumbani kutoka kazini akakaa na matofali yake saa mbili, amepumzika vizuri kuliko aliyekaa na simu.

Lakini walionigusa zaidi ni watu wa jumba la makumbusho la The Strong, mjini Rochester, jimbo la New York. Wana ukumbi wa heshima wa vitu vya kuchezea, kila mwaka wanachagua vya kuingiza. Barbie yumo, Hot Wheels zimo. Na mwaka 2005 wakaingiza boksi la karatasi ngumu, 2008 wakaingiza fimbo, 2021 wakaingiza mchanga. Niliposoma hayo nilifurahi kweli. Fimbo, boksi na mchanga ndiyo duka letu la kuchezea lote, kuanzia Muheza mpaka Bujumbura.

Tatizo letu ni moja tu, vya kwetu havikubaki. Mwingereza anaweza kuingia mnadani akakuta kigari alichokuwa nacho mwaka 1966, kina jina la kiwanda na namba. Waya umeliwa na kutu, mlingoti umeoza, mpira wa makaratasi na soksi umeloa ukatupwa. Magari ya waya na makopo yanayouzwa Mji Mkongwe Zanzibar na kwenye masoko ya watalii yametengenezwa kwa ustadi, nayasifia, lakini mengi niliyoyaona hayana ule waya mrefu wa usukani. Yamefupishwa yakae juu ya meza. Gari la waya bila usukani mrefu ni pambo. Huwezi kukimbia nalo.

Kwa hiyo mkusanyaji wa huku hana budi kuagiza upya, na kuagiza maana yake ni kumpata anayejua. Nilimkuta fundi baiskeli mmoja Tanga mjini, Ngamiani, ambaye utotoni alikuwa hodari wa kazi hii. Spoki na tyubu ndizo kazi yake kila siku, waya anao. Nikamweleza basi la kaka, akaanza kulikunja palepale chini ya mwarobaini wake, katikati ya wateja. Sikutarajia kilichofuata. Wanaume waliokuja kuziba pancha walisimama. Mmoja akasema ekseli ya mbele haikunjwi hivyo, itagoma kona. Mwingine, mzee mwenye kanzu, akateremka kwenye baiskeli yake, akachukua koleo mkononi mwa fundi, akamwonyesha pete inavyofungwa mara mbili. Wa tatu akauliza hii ni Leyland ya mwaka gani, mbona keria iko chini. Wakabishana kuhusu idadi ya madirisha mpaka fundi akasimamisha kazi akasubiri wamalize.

Basi lilikamilika, nililipeleka kwa kaka, akalikimbiza uani kwake na wajukuu wakamfuata. Alikuta kosa kwenye ngazi, akaikunja upya mwenyewe.

Fundi sasa ana maagizo mengine, yote ya watu wazima. Mzee wa kanzu anataka basi la Ikarusi la UDA, shirika la usafiri la Dar es Salaam, ile ndefu ya kukunjika katikati, kwa sababu aliwahi kukaa Dar. Mwalimu mmoja anataka Scania yenye pua. Mama mmoja anayeuza vitumbua jirani na kibanda hicho ameagiza trekta la mkonge na matela mawili nyuma, alilokuwa nalo kaka yake marehemu. Kinachomsumbua fundi ni ile sehemu ya kukunjika ya Ikarusi. Utotoni hakuwahi kuijaribu, na waya wa spoki unakatika ukigeuzwa mara nyingi. Amejaribu tyubu, inalegea. Wanasema yuko mtu Pongwe aliyekuwa bingwa wa mabasi ya namna hiyo, na mzee wa kanzu ameahidi kumtafuta.